Wazo Lililosubiri Kioo

Wapenzi wa fasihi tunawajua watu waliokuja mapema mno. Mshairi anafariki, mswada wake umelala sandukuni, na miaka mingi baadaye ndipo watu wanaanza kuulizana: hivi huyu alikuwa nani? Basi hata historia ya elektroniki ina mtu wa namna hiyo. Anaitwa Julius Lilienfeld.

Alizaliwa mwaka 1882 Lemberg, mji ambao leo ni Lviv, Ukraine. Alifundisha fizikia Leipzig, Ujerumani, kisha akahamia Marekani. Oktoba 1925 aliwasilisha Kanada ombi la hataza ya kifaa cha ajabu: utando mwembamba unaopitisha umeme, na karibu yake kipande cha metali. Ukibadilisha umeme kwenye metali ile, mkondo unaopita kwenye utando unaongezeka au unapungua, kama bomba linalofunguliwa na kufungwa bila mkono kuligusa.

Hiyo ndiyo transista. Marekani ilimpa hataza mwaka 1930. Kifaa chenyewe hakikupata kuingia sokoni, kwani nyenzo safi ya kukitengenezea haikuwepo.

Desemba 1947, katika maabara za Bell huko New Jersey, John Bardeen na Walter Brattain walifanikiwa kutengeneza transista ya jemaniamu, ila kwa njia nyingine. Mwenzao William Shockley alikuwa ameijaribu njia iliyofanana na ya Lilienfeld, ikagoma. Bardeen ndiye aliyeeleza sababu: elektroni zilikuwa zinanaswa juu ya uso wa nyenzo, zinaziba athari ya umeme wa nje. Na wanasheria walipopekua kumbukumbu, kumbe hataza ya Lilienfeld ilikuwa imetangulia! Watatu hao walipata Nobel mwaka 1956. Lilienfeld alikuwa bado hai. Alifariki mwaka 1963.

Aliyelifungua fundo ni Mwafrika, Mohamed Atalla, mzaliwa wa Port Said, Misri. Akiwa Bell, aligundua kwamba silikoni ikichomwa vizuri penye oksijeni huota ngozi nyembamba ya oksidi, jamaa wa karibu wa kioo, na ngozi hiyo huutuliza uso wenye fujo. Mwaka 1959 yeye na Dawon Kahng, aliyetoka Korea, wakaitumia kutengeneza transista. Wazo la 1925 lilikuwa limepata mwili.

Chipu ya simu unayosomea maneno haya ina mabilioni ya transista za ukoo huo. Ngozi ile ya oksidi iliendelea kupunguzwa hadi kubaki nanomita moja na ushei, yaani atomi chache tu, elektroni zikaanza kuvuja. Mwaka 2007 kampuni ya Intel ikaanza kuuza chipu zinazotumia oksidi ya hafniamu badala yake. Kwa mara nyingine, nyenzo ndiyo iliyoamua.

Tunapenda kumsifu mwenye wazo, au mwenye tuzo. Anayekaa miaka akihangaika na uchafu usioonekana juu ya kipande cha silikoni hatumkumbuki. Atalla hakupata Nobel, wala Kahng. Miaka ya 1970 Atalla alianzisha kampuni ya kulinda namba za siri za wateja wa benki. Kwa hiyo ukisimama mbele ya mashine ya kutolea pesa na kubonyeza tarakimu zako nne, mkumbuke mara mbili.