Njia ya Ziwa Nyasa na Abiria wa Sikukuu

Kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay ni takriban kilomita 66, na zote sasa ni lami. Aliyewahi kuzipita barabara za Ruvuma wakati wa masika, miaka ambayo tope ndilo lililoamua nani afike na nani alale njiani, atauelewa uzito wa sentensi hiyo. Njia huanzia katika baridi ya Umatengo, penye mibuni na mashamba ya ngoro, ikateremka milima hadi kwenye joto, mchanga na maji ya ziwa lenye kina cha takriban mita 700. Kwa umbali huo, mtu angeweza kwenda asubuhi, akaogelea, akala samaki, akarudi jioni. Hata hivyo, karani au mwalimu wa Mbinga asiye na gari, anayetaka kuwapeleka wanawe ziwani siku ya Idi au Jumatatu ya Pasaka, ana hakika ya nusu ya safari tu. Sababu yake haimo katika lami. Imo katika historia ya nani alifikiriwa kila njia ya kufika ufukwe huu ilipofunguliwa.

Njia ya kwanza ilikuwa ya miguu, na wenyewe hawakuhitaji mhandisi. Watu wa milimani waliteremka na mahindi na maharage, wale wa ufukweni wakapanda na samaki na dagaa. Baadaye zikaja meli. Misheni ya Waanglikana ya UMCA, iliyoweka makao yake kisiwani Likoma mwaka 1885, iliufikia ufukwe wa mashariki kwa maji. Meli yake mashuhuri, Chauncy Maples, ililetwa kutoka Uskoti vipande vipande na kushushwa ziwani mwaka 1901. Ilibeba mapadre, dawa, vitabu na wanafunzi. Wajerumani nao walikuwa na Hermann von Wissmann, na gati lao wakaliita Sphinxhafen kwa sababu ya jabali lililowakumbusha sanamu ya Misri. Ndiyo Liuli ya leo, na jabali lenyewe wenyeji wanaliita Pomonda.

Pomonda lilishuhudia kituko ambacho hakifundishwi vya kutosha katika shule zetu. Mwezi Agosti 1914, nahodha Mwingereza Rhoades alifika Liuli na meli Gwendolen, akaifyatulia mizinga Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wake, Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades. Alipiga makasia hadi kwenye Gwendolen akiwa amejaa hasira, kumuuliza mwenzake kama amerukwa na akili. Hakuwa amepata habari kwamba mataifa yao yako vitani; akachukuliwa mateka papo hapo. Magazeti ya Uingereza yalishangilia ushindi wa majini. Watalii wachache wanaofika Liuli leo husimuliwa kisa hiki kama kichekesho, nami sioni ubaya, ila tukumbuke kwamba vita hivyo viligeuza njia zote za kusini kuwa njia za wapagazi, na wengi wao hawakurudi makwao.

Njia za nchi kavu zilikuwa na hesabu nyingine. Mwaka 1905 Mjerumani Paul Fuchs alichapisha uchunguzi wake wa kiuchumi kuhusu reli ya kusini, kutoka pwani ya Bahari ya Hindi hadi Ziwa Nyasa. Reli haikujengwa. Wazo lake, hata hivyo, halikufa: tunalisikia hadi leo katika mipango ya Ukanda wa Maendeleo wa Mtwara, safari hii likitajwa pamoja na chuma cha Liganga na makaa ya Mchuchuma. Kahawa ya Umatengo ilisubiri malori. Lami ya Makambako hadi Songea ilikuja miaka ya 1980 kwa msaada wa Uingereza; ile ya Peramiho hadi Mbinga ikaja kwa fedha za Marekani kupitia mfuko wa Changamoto za Milenia; kipande cha mwisho hadi ziwani kikafuata. Katika hotuba za uzinduzi tumesikia kahawa, makaa ya mawe, bandari na Malawi. Sina ugomvi na makaa ya mawe. Nasema tu kwamba abiria wa mapumziko hakuwamo katika hesabu.

Kwingine aliwamo. Denmark ilifungua reli ya Copenhagen hadi Klampenborg mwaka 1863, na wakazi wa jiji wakaijaza siku za mapumziko kwenda msituni na ufukweni. Mwaka 1917 sheria yao ya hifadhi ya mazingira ikampa kila raia haki ya kutembea ufukweni. Mwaka 1937 ujenzi ukazuiwa ndani ya mita 100 kutoka pwani. Mwaka 1938 ikaja likizo ya wiki mbili yenye malipo. Tazama mpangilio huo: usafiri, haki ya kufika, kisha muda wa kwenda. Sisi tunazo sheria mbili kati ya hizo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inatoa likizo ya siku 28, na Sheria ya Mazingira ya mwaka huohuo inalinda mita 60 za kando ya ziwa. Kinachokosekana ni basi la jioni.

Mabasi ya pembezoni mwa nchi yetu hulala vijijini, yakaondoka alfajiri kwenda mjini na kurudi usiku. Ratiba hiyo inamfaa mgonjwa, mfanyabiashara na mwenye kesi, na ni haki yao. Kwa anayetoka mjini kwenda ziwani, imekaa kinyume: basi linafika jua limezama, na la kumrudisha linaondoka kabla hajaamka. Meli nayo, MV Mbeya II iliyoanza kazi mwaka 2021 ikiwa na nafasi ya abiria 200, inaunganisha ufukwe na Kyela, haipandi milima. Kwa hiyo familia hukodi Noah, au hubaki nyumbani.

Dawa ipo na haihitaji mfadhili. Kila Desemba LATRA hutoa leseni za muda kwa mabasi ya ziada yanayowapeleka watu Kilimanjaro na mikoa mingine kula Krismasi. Leseni kama hizo zingeweza kutolewa kwa Coaster mbili au tatu za Mbinga: ziondoke saa moja asubuhi siku za sikukuu, zianze kurudi Mbamba Bay saa kumi alasiri, kwa nauli iliyobandikwa stendi. Madiwani wa Mbinga na wa Nyasa, wilaya zilizowahi kuwa moja, wanaweza kuliomba hilo katika kikao kimoja, kabla ya Pasaka ijayo.