Garimoshi la Ubungo

Msomaji, ukivuka Likoni kwa kivuko ukashika barabara ya kusini, utapita Ukunda iliyo mlango wa Diani, utapita Msambweni, utavuka Mto Ramisi, na mwisho utafika Lunga Lunga penye mpaka, wala hutakutana na reli hata mara moja. Vijana wengi wa pwani hii hukua bila ya kusikia mlio wa garimoshi. Labda ndiyo sababu tunapolitaja twalitaja kwa husuda kidogo, kana kwamba reli ikishatandikwa mahali, basi wenyeji wa mahali hapo wamekwisha kupata usafiri. Mambo hayakuwa hivyo. Njia nyingi za reli za Afrika ya Mashariki zilitengenezwa ili zichukue mazao, bidhaa na askari baina ya bara na bandari. Abiria alipewa nafasi iliyosalia, na mahali pengine hakupewa nafasi yoyote. Yafaa kuuliza, basi, ni jambo gani linaloweza kuifanya njia iliyowekwa kwa ajili ya mizigo iwachukue pia watu wanaoishi kandokando yake.

Mfano mmoja hauko mbali nasi. Ukivuka mpaka pale Lunga Lunga ukaendelea kupitia Tanga, utafika Dar es Salaam, mji ambao Wajerumani walianza kujenga Reli ya Kati kutoka bandarini mwake mwaka 1905. Reli hiyo ilifika Morogoro mwaka 1907, Tabora mwaka 1912, na Kigoma kwenye Ziwa Tanganyika mwaka 1914. Baadaye mji ulipopanuka na viwanda vikajengwa upande wa magharibi, tawi la reli lilipelekwa Ubungo, likipita pande za Tabata na Mabibo. Kazi ya tawi hilo ilikuwa mizigo. Katika eneo lile kilikuwako kiwanda cha nguo cha Urafiki, kilichoanza kazi mwaka 1968 kwa msaada wa China, na mahali reli ilipokomea paliitwa Ubungo Maziwa kwa sababu ya kiwanda cha maziwa. Tazama jina hilo: kituo kiliitwa kwa bidhaa.

Miaka ikapita. Viwanda vingi vya umma vikadhoofika, vingine vikafungwa, lakini watu hawakupungua. Mashamba ya minazi na mihogo yaliyokuwa pembezoni mwa mji yakageuka kuwa mitaa, na katika hesabu ya watu ya mwaka 2012 mkoa wa Dar es Salaam ulikutwa na watu 4,364,541. Usafiri haukuweza kwenda sambamba na ongezeko hilo. Shirika la Usafiri Dar es Salaam, lililojulikana kwa jina la UDA, liliundwa mwaka 1974, nalo likashindwa kutosheleza haja. Mwaka 1983 watu binafsi wakaruhusiwa kuendesha mabasi madogo. Nauli yake ilikuwa shilingi tano, na kwa kuwa sarafu ya shilingi tano iliitwa dala, gari nalo likaitwa daladala. Jina limedumu kuliko nauli.

Hapa nakuomba usimame kidogo, maana jambo hili linakuhusu wewe. Katika daladala mwanafunzi hulipa sehemu tu ya nauli ya mtu mzima. Sheria hiyo ni njema katika karatasi, bali kondakta anayetakiwa kufikisha hesabu kwa tajiri jioni huiona kuwa hasara yake. Kwa hiyo asubuhi gari lilipofika kituoni, watu wazima waliingia kwanza, na mwenye sare ya shule akasukumwa nyuma. Liliposimama la pili ikawa vivyo hivyo. Mtoto aliyeamka alfajiri alifika darasani saa tatu, amechoka, na pengine akaadhibiwa kwa kuchelewa. Nyuma ya nyumba zao, wakati huohuo, ilikuwapo reli ambayo kwa sehemu kubwa ya siku haikupita kitu.

Usidhani, hata hivyo, kwamba kugeuza njia ya mizigo kuwa ya abiria ni kufunga mabehewa tu nyuma ya kichwa cha treni. Gunia la saruji halilalamiki. Laweza kungoja pembeni mpaka usiku, laweza kwenda mwendo wa kobe juu ya mataruma yaliyooza, na likifika kesho badala ya leo, hakuna aliyefukuzwa kazi. Abiria ataka saa iliyo maalumu. Ataka mahali pa kupandia palipoinuliwa, ili mama mwenye mtoto mgongoni asilazimike kurukia ngazi. Tawi lenye njia moja haliruhusu treni mbili kukutana isipokuwa pale penye njia ya kupishania. Pasipo na njia hiyo, treni ikishaingia, nyingine hungoja mpaka itoke. Tena reli iliyolala muda mrefu huzoeleka: watu hupanga nyanya na mitumba juu ya tuta lake, vibanda husogea, na njia za miguu huikata kila hatua. Njia ya namna hiyo yataka kurekebishwa, na watu wazoezwe tena kuiogopa kabla haijachukua roho ya mtu. Kwa maoni yangu kazi hiyo ya pili ndiyo ngumu zaidi, kwa sababu chuma hunyooka kwa nyundo.

Kazi ilifanyika. Mabehewa ya zamani yalifufuliwa katika karakana za reli, na tarehe 29 Oktoba 2012 treni ya abiria ikaanza kwenda baina ya stesheni kuu ya Dar es Salaam na Ubungo Maziwa, asubuhi na jioni, saa ambazo watu huenda kazini na kurudi. Nauli ya mtu mzima ilikuwa shilingi 400, na ya mwanafunzi shilingi 100. Waziri wa Uchukuzi wa wakati huo alikuwa Dakta Harrison Mwakyembe, aliyelisukuma jambo hili kwa nguvu, na wananchi hawakukawia kuiita Treni ya Mwakyembe. Wakati huohuo reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa China kati ya mwaka 1970 na 1975 ili kuifikisha shaba ya Zambia bandarini, nayo ikaanza kuchukua abiria wa mjini baina ya Mwakanga na Kurasini. Ungeweza kuuliza kwa nini treni moja isizunguke njia zote mbili. Jibu lake ni dogo kwa kipimo na kubwa kwa matokeo: Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000, na TAZARA milimita 1,067. Tofauti isiyozidi upana wa kiganja yatosha kulizuia behewa la njia moja lisikanyage njia ya pili.

Wako waliolibeza jambo lile. Walisema kwamba nauli ya namna ile haiwezi kulipia mafuta na matengenezo, na kwamba treni ya asubuhi na jioni ni tone katika bahari ya watu milioni nne. Hesabu yao haikuwa mbaya. Foleni za barabara ya Morogoro hazikwisha, na serikali ilihitaji kujenga njia maalumu ya mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016. Lakini wasemao hivyo huipima treni kwa waliobaki barabarani, wasiipime kwa waliokuwamo ndani yake. Katika behewa kondakta hakuwa na sababu ya kumsukuma mwanafunzi, kwa kuwa nafasi haikuwa ya kugombewa na tajiri mmoja.

Wala haja hii si ya nchi zetu peke yake. Huko Uingereza, njia itokayo Newcastle hadi Ashington ilinyimwa treni za abiria mwaka 1964, ikaachiwa makaa ya mawe na mizigo mingine. Abiria walirudi tarehe 15 Desemba 2024. Kijana aliyepanda treni ya mwisho alikuwa mzee treni ya kwanza ilipopita tena.

Nilisema kwamba pwani yetu ya kusini haina reli, na hilo ni kweli. Lakini Kwale si pwani tu. Reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilipanda ikaikata nyika ya Kinango, na kwa miaka mingi treni za abiria zilisimama katika stesheni ndogo kama Samburu na Mackinnon Road. Hapo Mackinnon Road, kando ya reli, uko msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali, ambaye husimuliwa kuwa alikuja kutoka Punjab kufanya kazi ya ujenzi wa reli hiyo, na wasafiri wengi hadi leo husimama kumwombea dua. Mwaka 2017 treni ya abiria ya njia ya kale ilikoma, na tarehe 31 Mei mwaka uleule reli mpya ikafunguliwa. Treni mpya ni nzuri na ya haraka. Ile isimamayo njiani husimama Mariakani, kisha Miasenyi iliyo katika Taita Taveta, na kati ya vituo hivyo viwili hakuna kingine cha abiria. Mwanafunzi wa Taru anayekwenda Voi hungoja gari kwenye barabara kuu, na akiwa hapo husikia treni ikipita.