Mfamasia Anapoulizwa Swali

Ndugu wahitimu wenzangu, nanyi vijana mlioko madarasani, enzi zetu shuleni hapo mfamasia tulimjua kuwa mtu wa dirishani, mwenye kuhesabu vidonge. Nadhani wengi mnayo picha hiyo hata leo. Historia yasema vingine.

Mwaka 1957 thalidomaidi ilianza kuuzwa Ujerumani Magharibi kama dawa ya usingizi, bila cheti cha daktari. Akina mama waja wazito wakaitumia. Ilipoondolewa madukani Novemba 1961, maelfu ya watoto walikuwa wamekwisha kuzaliwa na viungo vilivyolemaa. Madaktari wakataka habari za kutegemewa, na huku dawa mpya zilimiminika kuliko mtu mmoja awezavyo kuzisoma.

Mwaka 1962 hospitali ya Chuo Kikuu cha Kentucky, mjini Lexington, Marekani, ikafungua kituo kinachohesabiwa kuwa cha kwanza cha habari za dawa. Tangu mwanzo kilikuwa na kazi ya pili: kuwalea wanafunzi wa famasi wawe washauri.

Kufundisha kujibu si jambo jepesi. Mwanafunzi akiulizwa, mbio zake ni kabatini. Mwaka 1975 Watanabe na wenzake, wafamasia wa Marekani, walitoa utaratibu: mjue muulizaji na haja yake, liweke swali katika fungu lake, tafuta kwa mpango, pima ulichokipata, ndipo ujibu. Kutafuta huanzia vitabu vya jumla, kisha faharasa, mwisho ripoti zenyewe za utafiti.

Mimi naona hatua ya kwanza inazipita zote. Muuguzi anauliza, "Je, tetrasaiklini hutia meno rangi?" Jibu la kitabuni ni ndiyo, kwisha. Kumbe mgonjwa ni mama mwenye mimba ya miezi sita, na meno yanayohusika ni ya mtoto aliye tumboni. Mwanafunzi asiyeuliza dawa ni ya nani atakuwa amejibu sawasawa na hakumsaidia mtu. (Sisi wa maofisini twalijua hilo: barua hujibiwa vizuri, shida ya mwananchi ikabaki palepale.)

Kwetu, masomo ya famasi yalianza Muhimbili mwaka 1974. Basi nyinyi wa kidato cha sita wenye Kemia na Baiolojia, mkifika huko msishangae mwalimu akiwapa swali lenye pengo kwa makusudi. Anatazama kama mtaanza kwa kuuliza, au kwa kufungua kitabu.