Roald Dahl: Karani wa Shell wa Dar es Salaam Aliyekuwa Rubani wa Kivita

Roald Dahl, mwandishi wa Uingereza ambaye vitabu vyake vya watoto vinasomwa duniani kote, aliingia katika urubani wa kivita akitokea Tanganyika. Alizaliwa Cardiff, Wales, tarehe 13 Septemba, 1916, na wazazi wenye asili ya Norway. Mwaka 1938 kampuni ya mafuta ya Shell ilimpangia kazi jijini Dar es Salaam.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipoanza Septemba 1939, alikabidhiwa askari wa King's African Rifles na kuagizwa kuwazuia Wajerumani waliojaribu kuondoka mjini. Novemba mwaka huo aliendesha gari hadi Nairobi na kujiunga na Jeshi la Anga la Uingereza. Kimo chake cha karibu mita mbili hakikufaa hata kidogo kwa ndege ndogo ya mafunzo, Tiger Moth, lakini alikubaliwa. Mafunzo yaliendelea Habbaniya, Iraq.

Tarehe 19 Septemba, 1940 alitumwa kupeleka ndege ya Gloster Gladiator kwa Kikosi Namba 80 katika jangwa la Misri. Alipofika mahali alipoelekezwa hakukuta kiwanja chochote. Giza likiingia na mafuta yakikaribia kwisha, alijaribu kutua jangwani. Ndege ikagonga jiwe na kuwaka moto. Alipasuka fuvu la kichwa, pua ikapondeka, na kwa wiki kadhaa hakuweza kuona. Uchunguzi wa jeshi ulibaini kuwa alipewa maelekezo yasiyo sahihi, yaliyompeleka katika eneo lililo kati ya majeshi ya Uingereza na Italia. Hata hivyo, simulizi yake iliyochapishwa Marekani mwaka 1942 katika jarida la Saturday Evening Post ilipewa kichwa kilichodai kuwa alitunguliwa Libya. Hakutunguliwa, wala hakuwa Libya.

Baada ya miezi mitano ya matibabu alirejea kazini, na Aprili 1941 alikuwa Ugiriki akirusha ndege ya Hurricane, aina ambayo alikuwa hajawahi kupigana nayo. Tarehe 20 Aprili alishiriki mapambano juu ya anga la Athens, ambapo Hurricane 12 zilikabili ndege nyingi zaidi za Ujerumani. Tano ziliangushwa. Marubani wanne walifariki, akiwemo Pat Pattle wa Afrika Kusini, mmoja wa marubani hodari zaidi wa vita hiyo.

Dahl alihamia Haifa na kupigana katika anga la Syria, lakini maumivu makali ya kichwa, athari ya ajali ya mwaka 1940, yakamlazimu kuacha kuruka. Anatambuliwa kuwa aliangusha ndege tano. Mwaka 1942 alipelekwa Washington kuwa mwambata msaidizi wa anga katika ubalozi wa Uingereza, na huko ndiko alikoanza uandishi.

Maisha yake ya Tanganyika na ya vitani aliyasimulia katika kitabu cha Going Solo, kilichotoka mwaka 1986. Alifariki Oxford tarehe 23 Novemba, 1990, akiwa na umri wa miaka 74.