Mboji ya Tar Creek

Nyanyangu alitia mkono shimoni kujua kama mboji imeiva. Namkumbuka nikisoma habari za Tar Creek, Oklahoma. Migodi ya risasi na zinki ilipofungwa pampu zilizimwa, maji yakapanda polepole, na 1979 yakabubujika juu, rangi ya kutu, kwenye ardhi ya Waquapaw.

Mwaka 2008 mabwawa ya kuyasafisha yalikamilika karibu na mji wa Commerce. Ndani kuna mboji iliyokwisha kuotesha uyoga, pamoja na vipande vya mbao. Bakteria wanaila, wanageuza salfeti kuwa salfaidi, nayo inainasa zinki. Basi, hakuna mashine ya maana hapo.

Shida ni kwamba mboji huliwa ikaisha, na juu ya maji huoni kitu. Kwa mabwawa ya aina hii watafiti huzika mabaki ya mimea ndani ya vifuko vya wavu, wakavifukua baada ya miezi na kuvipima tena. Lakini kutu hung'ang'ania, mizani ikadanganya. Kwa hiyo sampuli hukaushwa, hupimwa, kisha huchomwa hadi majivu: kilichoungua ndicho chakula kilichokuwa kimebaki.