Mutu, kitu na vita ya majina: juu ya nini lugha na filozofia visomwe pamoja



Mimi ni mtu wa agronomia. Nilisoma udongo, mbegu na magonjwa ya muhogo. Filozofia nilipata mwaka wa kwanza tu, kozi fupi, auditoriamu imejaa mpaka mlangoni. Siku moja asistanti aliandika ubaoni maneno mane ya Kinyarwanda: umuntu, ikintu, ahantu, ukuntu. Akasema: hii njo filozofia ya Wabantu. Nyuma yangu mwenzetu mmoja Mlendu akauliza: «Na sisi wenye hatuna hayo maneno, tunafikiri na nini?» Watu wakacheka. Asistanti akaruka lile swali. Mimi halijanitoka mpaka leo.

Tuanzie mbali kidogo. Mwaka 1945, kule Elisabethville (Lubumbashi ya leo), padri Placide Tempels, Mbelgiji mwenye aliishi na Waluba wa Katanga, alitoa kitabu juu ya filozofia ya Kibantu. Alisema kwa Mbantu, kuwa ni kuwa na nguvu. Wakati ule wa ukoloni, kusema tu kwamba Mwafrika ana filozofia ilikuwa jambo kubwa. Lakini alisema kwa jina la Wabantu wote, na lugha yenyewe hakuipima sana.

Mwenye alipima ni padri Alexis Kagame, Mnyarwanda, katika kazi yake iliyotoka 1956. Alichukua mzizi -ntu, akapanga vyote vyenye viko katika mafungu mane: mwenye akili, kisicho na akili, mahali pamoja na wakati, na namna. Aristotle alikuwa na mafungu kumi, Kagame akaonyesha yake mane. Mwaka 1976 akaendelea na lugha nyingine nyingi za Kibantu.

Katikati hapo, 1958, Mfaransa Émile Benveniste, mtu wa lugha, akatoboa jambo: hata yale mafungu kumi ya Aristotle yanafuata sarufi ya Kigiriki. Kumbe siyo sisi peke yetu!

Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliunganisha vyuo vikuu vyote kuwa UNAZA, na watu wa lugha na filozofia wakakutana Lubumbashi. Paulin Hountondji wa Benin alifundisha kule. Yeye akakataa: sarufi ya watu siyo filozofia yao, filozofia inataka mtu anayeandika, anayetoa sababu, na mwingine anayemjibu. Valentin Mudimbe, mwana wa Likasi aliyefariki 2025, alifundisha kule pia. Kitabu chake cha 1988 kinauliza: hiyo «Afrika» tunayoisoma, nani aliipa majina, na kwa elimu gani?

Sasa tupime wenyewe. Kwa Kiswahili tuko na mutu na kitu, sawa. Lakini «mahali» ilitoka Kiarabu. Je, mbele ya Waarabu, watu wa pwani hawakujua mahali? Na muhogo je? Hauna akili, lakini jina lake linaanza na mu- kama mutu. Mkulima hajawahi kuwachanganya.

Halafu turudi Ituri. Neno «Bantu» lililetwa katika elimu ya lugha na Mjerumani Wilhelm Bleek mwaka 1862, kwa kupanga lugha, siyo damu. Kwetu Kibira na Kinyali ni za Kibantu. Kilendu, Kingiti, Kilese na Kilugbara ni za Kisudani ya kati, hazina ngeli kama zetu. Kialur ni ya Kiniloti. Wahema wengi wanaitwa Waniloti, lakini Wahema wa kusini wanasema lugha ya Kibantu, na wa kaskazini, Wagegere, wanasema Kilendu, lugha ya majirani wao! Tazama vile lugha inavuka mipaka yenye sisi tunachora.

Vita ya 1999 mpaka 2003, nilikuwa mtoto mudogo. Ilianza na mashamba ya Djugu, siyo na sarufi, hiyo najua vizuri juu ni kazi yangu. Lakini yale majina, Mbantu, Mniloti, wa hapa, wa kuja, yalitumika kusema nani ana haki ya udongo. Na hata leo yanatumika.

Njo maana ninaona masomo haya mawili yasiachane. Mwenye anasoma lugha bila filozofia atahesabu maneno tu. Mwenye anasoma filozofia bila lugha atachukua sarufi ya jirani na kuiita akili ya watu wote.

Kwa yule mwenzangu, jibu langu limechelewa: unafikiri na akili kama sisi wote, na Kilendu kina njia zake za kusema kitu, mahali na namna. Mimi bado sijaona mtu mwenye ametuandikia hizo njia vile Kagame aliandika za kwao. Ninyi wa ISP na wa UNIBU wenye mnatafuta suje ya kazi ya mwisho wa masomo, nani ataichukua?