Lebo za karatasi za mapambo
Ni vipande vya karatasi nzito vyenye tundu na uzi, hufungwa kwenye zawadi kuipamba na kumtaja mwenye zawadi. Asili yake ni lebo za mizigo: mwaka 1863 Mmarekani E. W. Dennison alipata hataza ya kukaza tundu kwa pete ya karatasi. Mafundi hufanya vivyo hivyo hadi leo, kwani tundu lisilokazwa huraruka upesi. Kalemie, Albertville ya zamani, bandari ya Ziwa Tanganyika iliyofikiwa na reli mwaka 1915, ni mji wa mizigo hasa, hivyo lebo hizi zinaufaa. Vifaa vya kuzitengeneza ni vya nyumbani: katoni, vipande vya kitenge, gundi ya unga wa muhogo. Kitenge cha maua madogo ndicho bora. Makubwa hukatwa yakapoteza sura.